Ubeti Usiokuwa Kitabuni

Katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kinanda. Jina lilimganda tangu wiki yake ya kwanza kazini, msimamizi alipokuja kuuliza nani ameacha redio wazi, akakuta hakuna redio. Kulikuwa na mwanamke mgeni tu, kasimama mbele ya mashine namba tatu, mikono imezama kwenye mashuka ya wodi ya wazazi, anavuma wimbo kwa pua. Wenzake walicheka mpaka wakaegemea matoroli. "Basi hiki ni kinanda," akasema mama aliyeendesha mashine ya kupigia pasi, na mjadala ukaishia hapo.

Alifanya kazi pale miaka ishirini na sita. Mashuka yaliletwa asubuhi, yamechafuka kwa kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa. Yakachambuliwa, yakachemshwa, yakakamuliwa, yakapitishwa kwenye mapipa mawili ya moto yanayozunguka ya mashine ya pasi, halafu yakakunjwa. Kukunja ni kazi ya watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, mnalikung'uta shuka mara moja, mnakutana katikati, mnarudi nyuma, mnakutana tena. Wengi walipenda kukunja na Kinanda kwa sababu ukifuata mvumo wake hukosei hatua. Aliyempata mara nyingi alikuwa yule mama wa mashine ya pasi, mwanamke mnene wa maneno machache, ambaye naye jina lake lilikuwa limeshasahaulika. Aliitwa Bibi Pasi.

Nyumbani Kinanda alikuwa na watu wawili. Wa kwanza ni mumewe, fundi saa, mtu mwembamba aliyeshinda kwenye kibanda cha vioo na lenzi jichoni, lakini akifungua kinywa kanisani ilitoka besi nzito mpaka watoto wa mbele wakageuka kutazama. Wa pili ni mdogo wake Kinanda, ambaye wote walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho wa mama yao. Mama alipofariki, Kitinda alikuwa na miaka minane. Kinanda na mumewe hawakujaliwa mtoto, basi wakamlea huyo. Walimsomesha, wakampeleka chuo cha uchapaji, na alipopata kazi ya ukarani katika ofisi ya kanisa, fundi saa alimtengenezea saa ya mkononi na kumvalisha mwenyewe. Alipoolewa, alihamia nyumba ya pili tu, ukuta kwa ukuta na dada yake.

Kulikuwa na mtu wa tatu ambaye si wa nyumba ile, ila alikuwa kama wa nyumba ile. Huyo ni mwalimu wa kwaya. Yeye na fundi saa waliingia kwaya siku moja, wakiwa vijana wasiojua hata kushika nota, wakasimama bega kwa bega kwenye mstari wa besi kwa miaka mingi mpaka mmoja akapandishwa kuwa mwalimu. Alimwita Kinanda shemeji. Jumapili baada ya ibada alikuwa na kiti chake mezani kwao, na kikombe chake.

Kiharusi kilimkuta fundi saa asubuhi, saa ya mteja ikiwa wazi mbele yake. Kilichukua mkono wa kulia na ulimi. Baada ya wiki tano hospitalini, Kinanda akipanda ngazi kumwona kila alipopata nafasi, alirudishwa nyumbani akiwa na akili zake zote na bila neno hata moja. Wakamweka kwenye kiti karibu na dirisha, mkono wa kushoto juu ya meza.

Zamu ya Kinanda ilikwisha saa nane mchana. Akifika alimwogesha, akamlisha, kisha akamsomea Zaburi kama walivyozoea zamani. Ila sasa jambo lile lilikuwa gumu. Zaburi za sifa zimejaa midomo na ndimi, na kila alipofika kwenye neno ulimi, mumewe aligeuza uso ukutani. Hakuwa analia. Alikataa tu kutazamwa. Kinanda akawa anaruka mistari, mumewe akijua kwamba inarukwa, na hilo nalo likamuudhi.

Siku moja akafika ile ya mia moja arobaini na nane. Alikuwa ameisoma mara nyingi bila kuisikiliza. Sasa akasikia ni wito, na wanaoitwa kusifu wengi wao hawana kinywa. Jua na mwezi wanaitwa. Nyota zinaitwa, na mvua ya mawe, na theluji, na milima, na miti, na wadudu wanaotambaa. Katikati ya orodha akakutana na mvuke. Akasimama, akarudia neno hilo mara mbili, kwa sababu mvuke ndio aliokuwa ameshinda ndani yake, nywele zake bado zina unyevu wake.

"Hata mvuke," akamwambia mumewe. "Sasa mvuke unaimba na nini?"

Fundi saa hakugeuza uso. Akainua kidole kimoja cha mkono wa kushoto, taratibu kama mtu anayeinua ndoo ya maji, akagonga meza mara moja.

Hapo ndipo wimbo ulipoanzia.

Wiki iliyofuata Kinanda alikichukua kitabu cha zamani cha tenzi za kanisani na kuanza kukipekua. Aligundua jambo ambalo miaka yote hakuliona, kwamba tenzi nyingi alizozijua kwa moyo zilikuwa watoto wa zaburi ile moja. Huu umeita jua na mwezi, ule umeita bahari na vilindi, ule mwingine umewaita wafalme na wasichana na wazee. Alihesabu kumi na moja. Tena kila mtunzi alikuwa amechungulia dirisha lake mwenyewe na kuongeza alichokiona. Mmoja kaweka mabonde yenye baridi, mwingine kaweka mashamba ya ngano. Walikuwa wamekufa zamani na mbali, na hakuna aliyewauliza kwa nini wameongeza. "Na sisi tuna dirisha," akamwambia mumewe, na yeye akagonga meza.

Wakatunga hivyo, miezi saba. Kinanda anaimba mstari; ukimpendeza mumewe, kidole kinagonga mara moja; usipompendeza, kiganja kinalala bapa juu ya meza. Kiganja kililala mara nyingi. Huyu mtu alikuwa mkali kwenye muziki alipokuwa na ulimi, na ugonjwa haukumlainisha. Hatua ya wimbo aliitoa Kinanda kazini, ndiyo ile ya kukunja mashuka, kukutana na kurudi nyuma. Na baada ya mstari wa tatu waliweka pumziko refu, kwa sababu kufikia hapo mkono wa fundi saa ulikuwa umechoka na ulihitaji muda kuinuka. Ubeti wa kwanza ukawa hivi:

*Jua, sema ujualo,*
*mwezi, shika wimbo wake;*
*mvua, ukija kwetu,*
*ubebe na sifa zake.*

Ubeti wa pili ulikuwa wa mvuke na povu, wa tatu wa ndege na wadudu, wa nne wa wazee na watoto.

Mwalimu wa kwaya aliusikia Jumapili moja, kikombe mkononi. Alikiweka chini. Akaomba Kinanda auimbe tena, na tena, kisha akatoa karatasi mfukoni na kuandika nota, maana Kinanda aliimba kwa sikio tu, do na re hakuzijua zilivyoandikwa. Alipomaliza alimshika rafiki yake bega, akafuta macho.

"Shemeji," akasema, "kamati ya kitabu kipya inatafuta nyimbo zetu wenyewe, si za kutafsiri. Mimi ndiye katibu. Huu unaingia, niachie mimi."

Kitinda naye alikuwepo. Akachukua daftari safi na kunakili beti zote nne kwa mwandiko wake mzuri, akaahidi kulifikisha ofisini. Siku ile Kinanda alilala akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mumewe augue. Alijiona ana watu.

Ubeti wa tano ulikuja baadaye. Ulikuja mwenyewe, mchana mmoja, akiwa anamkausha mumewe vidole.

*Asiye na neno tena,*
*kidole chake chaimba;*
*akigonga kwenye meza,*
*husikika kila chumba.*

Alimwimbia mara moja tu. Fundi saa alimtazama kwa muda mrefu, kisha akagonga mara mbili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku ya nne akafariki. Ubeti ule haukuwahi kuandikwa popote. Kinanda aliuimba kazini tu, akikunja mashuka na Bibi Pasi, na wanawake wa kule wakaushika bila kufundishwa.

Mwaka na nusu ukapita. Kitabu kipya kikatoka, kikazinduliwa kanisani kwa ibada kubwa. Kila familia ilipewa nakala moja, bado ina harufu ya gundi. Kinanda akafunua orodha mwishoni, akatafuta kwa kidole, akapata: namba mia mbili na kumi na nne. Akafungua ukurasa. Beti nne zilikuwepo, neno kwa neno, mpaka mkato. Chini yake, kwa herufi ndogo zilizolala, paliandikwa kwamba umetokana na Zaburi ya mia moja arobaini na nane. Na chini ya hapo: *Maneno na tuni*, yakifuatwa na jina la mwalimu wa kwaya, majina yote matatu, kama lilivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa.

Alifikiri amekosea ukurasa. Alifunga kitabu, akakifungua upya.

Mbele, mwalimu aliinua mikono. Watu wakasimama. Wimbo ukaanza, na Kinanda akabaki ameketi, mifuko ya watu na migongo yao imemzunguka, akisikia pumziko la baada ya mstari wa tatu likipita juu ya kichwa chake ubeti baada ya ubeti. Alimtafuta mdogo wake kwa macho. Kitinda alikuwa mstari wa mbele wa kwaya, sauti ya kwanza. Ibada zote alizowahi kuimba pale, Kitinda aligeuka mara moja kumtafuta dada yake katikati ya watu, tangu akiwa mtoto. Siku ile hakugeuka.

Kesho yake Kinanda aliomba ruhusa ya saa moja, akaenda ofisi ya kanisa akiwa na sare ya kazi na viatu vya mpira. Kitinda alikuwa peke yake, anakunja barua.

"Kitabu umekichapa wewe?"

"Dada, kaa kwanza."

"Nimekuuliza."

"Mimi ni karani. Nachapa ninacholetewa."

"Uliletewa na nani?"

Kitinda alivuta droo, akaifunga bila kutoa kitu. "Daftari alilichukua mwalimu, akaleta karatasi yake. Jina lilikuwa limeshaandikwa. Nikamwuliza, akasema mmeshaongea wewe na yeye. Alisema wewe hutaki mambo ya majina, uko kwenye msiba."

"Na wewe ukaamini. Tumetenganishwa na ukuta mmoja, Kitinda. Hukuweza kugonga ukuta ukaniuliza?"

Kitinda alirudia kukunja barua. Nje mtu alikuwa anafagia majani makavu.

"Sikuamini," akasema hatimaye, akitazama barua. "Lakini ajira yangu ya kudumu ilikuwa mezani kwa wakubwa wa kanisa wiki ileile, na yeye ndiye anayeandika muhtasari wa vikao vyao. Na pia nilikuwa nimechoka, dada. Tangu nina miaka minane mimi ni mdogo wake Kinanda. Nikiimba vizuri, nimefundishwa na Kinanda. Nikikosea, Kinanda asingekosea. Nikasema moyoni, wimbo mmoja tu usipokuwa wake, atapungukiwa nini?"

Miaka yote Kinanda alidhani yule mtoto anageuka kanisani kumtafuta kwa upendo. Sasa hakujua tena alikuwa anageuka kwa lipi.

"Uliandika wewe kwa mkono wako," akasema. "Ulikaa kwenye kiti changu, ukala chakula changu, shemeji yako anagonga meza mbele ya macho yako."

"Najua."

"Basi utayasema hayo mbele ya kamati."

Kitinda akatikisa kichwa kukubali.

Kamati ilikaa Jumamosi, watu watano kwenye chumba chenye meza ndefu na maboksi ya vitabu vipya yamepangwa mpaka dirishani. Mwenyekiti alikuwa mchungaji mstaafu, mzee wa upole, asiyependa sauti kupanda. Mwalimu wa kwaya alikaa mkono wake wa kulia na daftari la muhtasari. Alisimama Kinanda alipoingia, akamvutia kiti.

"Karibu, shemeji," akasema.

Kinanda alieleza kila kitu, polepole, tangu zaburi mpaka daftari. Walimsikiliza. Alipomaliza, mwalimu aliomba kusema.

"Mimi sibishani na shemeji yangu," akasema. "Nyumba ile nimeingia na kutoka miaka mingi. Alikuwa anavuma vuma, kweli, na marehemu alifurahi. Lakini kuvuma si kutunga. Aliyeandika nota ni nani? Aliyezipanga sauti nne ni nani? Na tusisahau, ndugu zangu, wimbo wenyewe umetoka kwenye Zaburi. Wakristo wa kila zama wamechota hapo hapo. Zaburi ni ya nani hata mtu adai mtoto wake?"

Wengine wakaguna kukubali, kwa sababu maneno yalikuwa mazuri.

"Sawa," Kinanda akasema. "Zaburi haina mwenyewe. Basi mngeandika Zaburi peke yake mkaishia hapo. Mbona mmeandika jina la mwalimu?"

Mwenyekiti akakohoa.

"Nina swali moja kwake," Kinanda akaendelea. "Aseme kwa nini baada ya mstari wa tatu kuna pumziko refu namna ile."

Mwalimu akatabasamu kidogo. "Ni mtindo tu, shemeji. Linampa mwimbaji nafasi ya kutafakari."

"Linampa mgonjwa nafasi ya kuinua mkono," Kinanda akasema. "Ulikuwa unamwona anavyouinua. Ulikuwa umekaa naye meza moja."

Mwalimu aliinamisha kichwa kwenye daftari, kalamu mkononi, lakini hakuandika kitu. Wote walimwona. Kwa kitambo kidogo ilionekana jambo lile lingeweza kugeuka. Ndipo mwenyekiti akasema tumsikie shahidi, na Kitinda akaitwa.

Aliingia na kusimama karibu na mlango. Mwenyekiti akamwuliza kama alimwona dada yake akitunga wimbo namba mia mbili na kumi na nne. Kitinda alimtazama mwenyekiti, akamtazama mwalimu. Kwa dada yake hakugeuza macho.

"Kulikuwa na nyimbo nyingi nyumbani," akasema. "Sikumbuki ni upi."

"Daftari je? Uliandika wewe?"

"Niliandika mengi. Sikumbuki."

Ikawa basi. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba vitabu elfu sita vimeshachapwa na vingi kusambazwa, kwamba jambo la sifa lisigeuke ugomvi, na kwamba likija toleo lingine wataangalia namna ya kuweka maneno ya shukrani kwa familia ya marehemu. Wakafunga kwa sala. Kinanda alifumbua macho kabla ya amina na kuwaona wote wameinamisha vichwa, na mdogo wake kati yao, mikono kaifumbata vizuri kama alivyomfundisha yeye.

Hakuhama kanisa. Watu walimshauri ahame, akasema hakuingia pale kwa sababu ya mwalimu. Alichofanya ni kuhama kiti. Alikaa viti vya nyuma, na namba mia mbili na kumi na nne ilipotajwa alisimama kama wengine na kufunga mdomo. Ilitajwa mara nyingi. Watu waliupenda mno wimbo ule. Uliimbwa harusini, mazishini, siku za mavuno, kwaya za mbali zikaurekodi. Jambo lililomsumbua Kinanda, na hakumwambia mtu, ni kwamba hata yeye bado aliupenda, na hakuwa na pa kuupeleka upendo huo.

Siku moja redio iliyokuwa imeletwa chumba cha kufulia ilikuwa wazi. Mwalimu alikuwa anahojiwa. Mtangazaji alimwuliza maneno ya mvuke kayapata wapi, na yeye, kwa sauti ile tulivu, akasema aliamka alfajiri moja akaona mvuke ukipanda kutoka vilimani, moyo ukamjaa. Wanawake wote sita waliacha walichokuwa wanafanya. Mvuke ulikuwa umejaa chumba hadi darini, hata hawakuonana sawasawa. Mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, kicheko kibaya kisicho na furaha, mpaka Bibi Pasi akaizima redio kwa kiwiko kwa kuwa mikono ilikuwa na maji.

"Hebu niambie," Bibi Pasi akamwuliza walipokuwa wanakunja. "Kwenye ile kamati, kwa nini hukuwaimbia ule ubeti wa tano? Yule bwana hana habari nao. Ungemmaliza palepale."

Kinanda alikutana naye katikati, akarudi nyuma.

"Nilikuwa nao mdomoni," akasema. "Nikaona kalamu mkononi mwake. Nikasema, nikiuimba ataandika."

Bibi Pasi akachukua shuka lingine.

Bibi Pasi huyo alifariki miaka sita baadaye, mwaka mmoja baada ya kustaafu. Ibada yake ilifanyika kanisani palepale, na wanawake wa kufulia walikuja na sare zao za bluu, wakakaa benchi moja zima. Familia iliomba namba mia mbili na kumi na nne. Mwalimu aliongoza, kichwa sasa kina mvi. Beti nne zikaimbwa, kinanda cha kanisa kikamalizia, naye mwalimu akafumba kiganja hewani kuwanyamazisha watu.

Wale wa sare za bluu hawakunyamaza. Hawakupanga; walieleza hivyo baadaye, na Kinanda aliwaamini. Kule kazini wimbo haujawahi kuishia pale, kwa hiyo waliendelea tu kama mtu anavyomalizia ngazi. *Asiye na neno tena.* Sauti tano, nzito, bila kinanda. Watu wakaanza kufunua vitabu, ukurasa wa mbele, ukurasa wa nyuma, wakitafuta maneno hayo. Kinanda, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwa ameufungulia mdomo wimbo ule kanisani, akajikuta anaimba. Mwalimu alibaki amesimama mbele ya kwaya yake, kiganja bado kimefumba hewani, anatazama midomo ya wanawake wale. Wimbo ulipofika kwenye neno meza, mkono wake ulishuka wenyewe.

Baada ya maziko alimfuata Kinanda kwenye njia ya kutokea. Alikuwa anatembea na fimbo.

"Shemeji," akasema. "Ubeti ule sikuujua."

"Hukuujua, kweli."

"Ndio unaokamilisha. Bila huo wimbo una kilema, sasa ndiyo nimeona." Akavuta pumzi. "Kuna toleo jipya mwakani. Nipe maneno yake niyaweke. Nitaandika na jina lako safari hii, pembeni ya langu."

Kinanda alimtazama usoni, akaona jambo lililomshangaza kuliko yote. Mtu huyu hakuwa anamdhihaki. Kwa miaka ile yote alikuwa amejizoesha kuuona wimbo ule kuwa wake, mpaka sasa alikuwa anakuja kuomba kipande chake kilichopotea, kwa unyenyekevu kabisa.

"Huo siwezi kukupa," akamwambia. "Ulipitishwa na rafiki yako, kwa kugonga mara mbili. Mwombe yeye."

Akaenda zake. Toleo jipya lilitoka na beti nne, na jina lilelile chini. Maneno ya shukrani kwa familia ya marehemu hayakuwekwa. Kila aliyeulizwa alidhani ni kazi ya mwingine.

Kitinda alikuja kuomba msamaha mwaka aliostaafu Kinanda. Alikuja mchana, amevaa nguo ya heshima, akapiga magoti sakafuni jikoni na kusema yote bila kujitetea: kamati, daftari, ajira, wivu. Kinanda alimwinua, akamwambia amemsamehe. Na alikuwa anasema kweli. Hakumtakia baya. Alikwenda kumuuguza alipofanyiwa upasuaji, akamfulia na kumpikia. Watu wa mtaani waliowaona wakipita pamoja walisema undugu umerudi.

Ila Kinanda, aliyevuma wimbo kwenye mashine na kwenye foleni ya maji, aliyevuma hata akifunga kamba za viatu, hakuvuma tena mdogo wake akiwa karibu. Hakuamua. Mlango ukifunguliwa, mvumo ulikatika wenyewe, na kitu chochote kilichokuwa kinachemka kifuani kikatulia mpaka yule ndugu yake aondoke. Tuni mpya zilikuja, tena nzuri, na Kitinda hakusikia hata moja.

Ilimchukua Kitinda miaka mingi kuligundua. Walikuwa wawili tu mezani, wameshazeeka, dirisha liko wazi.

"Dada," Kitinda akasema, "siku hizi huimbi?"

"Naimba," Kinanda akajibu, akamwongezea chai.